Uchaguzi wa Madiwani Ireland: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Eneo Moja Lenye Viti Vingi

Ukurasa huu ni wa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Ireland. Wengi wao wana haki ya kumchagua diwani na hawajui. Wengine wanajua, ila wakishika ile karatasi yenye majina kumi na kitu na picha za watu wanaotabasamu, wanaandika 1 kwa yule mmoja wanayemfahamu na kutoka mbio. Wewe ukiwa mmojawapo, soma hasa majibu yanayohusu namba 2, 3 na 4. Hapo ndipo watu wanaacha nusu ya haki yao mezani.

Mimi si raia wa Ireland. Kweli naruhusiwa kupiga kura?

Ndiyo. Kura ya madiwani haiulizi pasipoti yako ni ya nchi gani. Inataka uwe na miaka 18 au zaidi, uwe unaishi Ireland kwa kawaida, na jina lako liwe kwenye daftari la wapiga kura. Hata aliyeomba hifadhi na bado anasubiri majibu anaingia hapo.

Usichanganye na chaguzi nyingine. Wabunge wa Dáil, yaani bunge la taifa, huchaguliwa na raia wa Ireland na wa Uingereza. Kura ya rais na ya maoni ni ya raia wa Ireland peke yao. Bunge la Ulaya ni la raia wa Ireland na wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya. Ndiyo maana tarehe 7 Juni 2024, kura za madiwani na za Ulaya zilipopigwa siku moja, jirani yako alipewa karatasi mbili na wewe ukapewa moja. Hukubaguliwa na karani. Ndivyo sheria ilivyo.

Najiandikisha wapi?

Kwenye tovuti ya serikali ya checktheregister.ie, ukiwa na namba yako ya PPS (namba ya utambulisho ya serikali), tarehe ya kuzaliwa na Eircode (msimbo wa posta) ya unapoishi. Asiye na namba ya PPS anajaza fomu ya karatasi. Ofisi ya baraza lake itamwelekeza. Uandikishaji uko wazi mwaka mzima, lakini unafungwa takriban siku 15 kabla ya kura, na Jumapili na sikukuu hazihesabiwi katika hizo 15. Anayesubiri mabango yajae kwenye nguzo za taa ndipo akumbuke daftari, anakuta zimebaki siku chache au muda umekwisha: sheria inaruhusu mabango siku 30 tu kabla ya uchaguzi.

Ukihama nyumba, badilisha anwani. Kuhama mtaa kunaweza kukuhamishia eneo jingine la uchaguzi lenye wagombea wengine kabisa.

Eneo la uchaguzi ni nini hasa? Ni sawa na kata?

Linafanana na kata kwa kazi, si kwa umbo. Ireland ina mabaraza 31 na madiwani 949. Kila baraza limegawanywa katika maeneo ya uchaguzi, jumla 166 nchi nzima, na kila eneo hutoa madiwani kadhaa kwa mpigo. Tangu uchaguzi wa 2019, eneo la kawaida lina viti 5, 6 au 7. Pale penye watu wachache waliotawanyika mbali, viti vinaweza kupungua hadi 4 au 3, kama Milford huko Donegal, lenye viti 3.

Chukua Fingal, kaskazini mwa Dublin, ambako ndugu zetu wengi wanaishi. Madiwani wake ni 40. Swords ina viti 7, Howth-Malahide 7, Castleknock 6, halafu Balbriggan, Rush-Lusk, Blanchardstown-Mulhuddart na Ongar zina 5 kila moja. Kwa hiyo anayeishi Ongar hana diwani mmoja wa kumwita “diwani wetu”. Anao watano, na huenda wanatoka vyama vinne tofauti.

Kwa nini wasigawe tu, kila kipande na mtu wake, kama Kenya au Tanzania?

Kenya ina wadi 1,450, kila wadi na MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) mmoja. Tanzania kata moja ina diwani mmoja wa kuchaguliwa. Faida yake ni kwamba unajua pa kubisha hodi. Hasara yake ni kwamba mshindi akipata asilimia 38 na waliobaki wakagawana 62, hao 62 wanarudi nyumbani bila mtu. Ndiyo maana nchi zote mbili zimelazimika kuongeza viti vya pembeni, vya uteuzi huko Kenya na viti maalumu huko Tanzania, ili sura ya baraza ifanane kidogo na sura ya watu.

Eneo lenye viti vingi linajaribu kutatua tatizo hilo ndani ya kura yenyewe. Viti vikiwa 3, mgombea anahitaji takriban robo ya kura ili awe na uhakika. Vikiwa 5, asilimia kama 16.7. Vikiwa 7, 12.5 inatosha. Kadiri viti vinavyoongezeka ndivyo mlango unavyopanuka kwa chama kidogo, kwa mgombea huru, au kwa jamii ambayo haijajazana mtaa mmoja bali imesambaa nyumba mbili hapa, tatu kule. Sisi tuko hivyo. Katika kata ya mtu mmoja, kura za watu waliosambaa humezwa. Katika eneo la viti 7 zinaweza kukutana.

Lakini viti vingi peke yake havitoshi, na hili watu wengi hulikosa. England nayo ina kata za viti 3, ila huko mpiga kura hupewa alama tatu za X na wanaoongoza watatu hushinda. Matokeo yake mara nyingi ni chama kimoja kuzoa viti vyote vitatu, hata kama karibu nusu ya watu hawakukitaka. Kinacholeta tofauti Ireland ni viti vingi pamoja na kura moja inayohamishika. Scotland ilihamia mfumo huo kwa mabaraza yake mwaka 2007, na Ireland ya Kaskazini ilikwisha kuutumia tangu 1973.

Basi napigaje?

Andika 1 kwenye kisanduku cha mgombea unayemtaka kuliko wote. Andika 2 kwa anayefuata moyoni mwako, 3 kwa wa tatu, endelea hadi utakapoishiwa na watu unaowajali. Majina yamepangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, na kila moja lina picha, jina la chama na nembo. Tumia tarakimu. Usiweke tiki, usiweke X.

Maana ya unachoandika ni hii: “Kura yangu ni ya huyu wa 1. Asipoihitaji, kwa sababu amekwisha shinda au ametolewa, mpeni wa 2. Naye asipoihitaji, wa 3.” Una kura moja tu. Kinachozunguka ni karatasi.

Nikiandika 2 kwa mwingine, si nitakuwa namwumiza wangu wa 1?

Hapana, hata kidogo. Namba 2 yako haiangaliwi mpaka hatima ya namba 1 ijulikane. Mgombea wako akiwa bado anapigania kiti, karatasi yako imelala kwenye fungu lake na hakuna anayesoma kilichoandikwa chini. Namba 2 husomwa katika hali mbili: wa 1 amepata kura kupita alizohitaji, au ametolewa kwa kuwa wa mwisho. Kote kuwili hawezi tena kusaidiwa wala kuumizwa na ulichoandika.

Hofu hii ndiyo inayowafanya watu waandike 1 peke yake wakidhani wanampa mtu wao nguvu zaidi. Hawampi chochote cha ziada. Wanachofanya ni kuifunga kura yao: mtu wao akitolewa raundi ya tatu, karatasi inawekwa kando kama isiyohamishika, na viti viwili vya mwisho vinaamuliwa na majirani walioendelea hadi 6 au 8.

Wapo mawakala wa vyama watakaokuambia mlangoni, “Dada, mpe 1 tu, usiandike kingine.” Ushauri huo ni kwa faida ya mwajiri wao, maana hawataki 2 yako imfikie mpinzani. Kwako wewe hauna faida yoyote.

Niendelee hadi namba ngapi?

Hadi ufike mahali ambapo, waliobaki wakigombania kiti cha mwisho, hujali tena nani kati yao ashinde. Na kama kuna mgombea mmoja ambaye hutaki kumwona barazani kabisa, mfano aliyefanya kampeni yake yote kwa kuwatukana wahamiaji, njia ya kumpiga chini ni kuwapa namba wengine wote na kumwacha yeye bila kitu. Kuishia 2 na kusema “simtaki yule” hakumpunguzii hata kura moja.

Nasikia neno “kota” wakati wa kuhesabu. Ni kitu gani?

Ni idadi ya kura inayomhakikishia mgombea kiti. Hesabu yake: chukua kura halali, gawanya kwa idadi ya viti ukiongeza moja, acha desimali, kisha ongeza 1.

Mfano wa kubuni. Eneo lina viti 5, kura halali ni 9,000. Gawanya 9,000 kwa 6, unapata 1,500. Ongeza 1: kota ni 1,501. Kwa nini namba hiyo na si nyingine? Kwa sababu watu watano wenye 1,501 kila mmoja wamechukua 7,505, na zilizobaki ni 1,495. Mtu wa sita hawezi kufika hata akizoa zote. Ni kiwango kidogo kabisa ambacho watu watano wanaweza kukifikia na sita hawawezi.

Mgombea akipita kota, zile za ziada zinaendaje?

Tuendelee na mfano wetu. Asha amepata kura 1,801 raundi ya kwanza. Amepita kwa 300. Kura 300 za nani? Hapa ndipo watu huanza kutiliana shaka, kwa hiyo tuende polepole.

Karatasi zote 1,801 za Asha zinapangwa upya kwa kuangalia namba 2. Tuseme 301 hazina chaguo la pili. Hizo zinabaki kwa Asha. Zinabaki 1,500 zinazoweza kuhama: 900 zina Baraka, 400 zina Chiku, 200 zina Daudi. Za kuhamishwa ni 300 tu kati ya 1,500, yaani moja ya tano. Basi Baraka anapata 180, Chiku 80, Daudi 40. Jumla 300. Asha anabaki na 1,501 zake na kazi yake imekwisha.

Angalia walioandika 1 tu. Hawakumzuia Asha kushinda, wala hawakupunguza ziada yake. Walichofanya ni kuwaachia wengine uamuzi wa ziada hiyo iende kwa nani.

Mgombea akipita kota katika raundi ya baadaye, Ireland haipangi upya karatasi zake zote, bali fungu la mwisho alilopokea, lile lililomvusha. Na karatasi zinazohamishwa ni karatasi halisi zinazochukuliwa juu ya fungu, kwa hiyo chaguo la tatu na la nne lililomo ndani yake lina chembe ya bahati nasibu. Ireland ya Kaskazini huhamisha sehemu ya kila kura, na Scotland huhesabu kwa mashine, kwa hiyo wao hawana bahati nasibu hiyo. Mimi naona njia yao ni safi zaidi. Lakini ya Ireland ina jambo moja zuri: kila kitu kinafanyika mezani mbele za watu, na asiyejua kompyuta anaweza kufuata mwanzo hadi mwisho.

Na kama hakuna aliyepita kota?

Wa mwisho anatolewa, na karatasi zake zote zinahamia kwa aliyefuata katika kila moja, kila karatasi kwa thamani kamili. Wakitolewa wawili au watatu pamoja, ni kwa sababu hata wakijumlishiwa kura zao hawawezi kumfikia aliye juu yao. Hivyo hivyo, raundi baada ya raundi, mpaka viti vijae. Kiti cha mwisho mara nyingi huchukuliwa na mtu ambaye hakufika kota: wagombea wamebaki sawa na viti, hakuna wa kumtoa tena. Ushindi wake ni halali kama wa mwingine.

Mgombea wetu alikuwa wa nne raundi ya kwanza, viti vitano, na bado akashindwa. Wametuibia?

Swali hili hurudi kila uchaguzi, na jibu karibu daima ni hapana. Raundi ya kwanza inaonyesha nani anapendwa sana na watu wake. Raundi zinazofuata zinaonyesha nani anavumilika kwa watu wa wengine. Mgombea mwenye 1,150 za mwanzo, ambaye hakuna mwingine aliyemwandikia 2 wala 3, atakaa kwenye 1,150 hiyo hiyo akitazama mtu wa 900 akipanda taratibu: 60 kutoka huku, 110 kutoka kule, hadi ampite.

Kwa hiyo mgombea wa jamii ndogo akitaka kiti, haitoshi kukusanya watu wa kanisa lake au wa msikiti wake wakamwandikia 1. Lazima agonge milango ya watu ambao tayari wana mtu wao na awaombe 2 au 3. Wagombea wazoefu wa Ireland hufanya hivyo bila aibu. Wakiambiwa mlangoni “mimi ni wa fulani,” hujibu, “Basi mimi nifikirie wa pili.”

Mbona chama kimoja kinasimamisha watu watatu eneo moja? Hawagawanyi kura?

Katika kata ya kiti kimoja ingekuwa kujimaliza. Hapa kura za anayetolewa huhamia kwa mwenzake, ilimradi wafuasi wawe na nidhamu ya kuandika 1, 2, 3 ndani ya chama. Vyama huligawa eneo: mtaa huu mpeni 1 fulani na 2 fulani, ng'ambo ya barabara mgeuze. Ndiyo maana kipeperushi ulichopewa na alichopewa shemeji yako vinaweza kutoka chama kimoja na kutaja majina kwa mpangilio tofauti.

Upande wake mchungu ni kwamba adui wa kwanza wa diwani mara nyingi ni mwenzake wa chama hicho hicho. Wapiga kura wananufaika: wanaweza kukipenda chama na kumkataa mtu, bila kulazimika kuchagua kimoja.

Siku ya kuhesabu kuna nini cha kuona?

Vituo hufungwa saa 4 usiku, baada ya kufunguliwa saa 1 asubuhi, na hesabu huanza siku inayofuata kwenye ukumbi mkubwa, mara nyingi wa michezo. Masanduku yanafunguliwa, karatasi zinamwagwa mezani, makarani wanazikunjua uso juu moja moja. Ng'ambo ya kizuizi, hatua moja tu kutoka mezani, wamejipanga watu wenye ubao na kalamu, shingo zimechomoza, wakichora mstari mmoja kwa kila namba 1 wanayoiona. Hao ni wajumbe wa vyama na wa wagombea huru, na mahasimu hao hugawana kazi na kujumlisha karatasi zao pamoja. Hawana mamlaka yoyote kisheria. Lakini kabla ya chakula cha mchana wanaweza kukuambia, kwa usahihi wa kushangaza, nani atashinda, na pia kila sanduku lilipigaje.

Hapo ndipo penye somo kwetu. Siri ya kura yako inalindwa, hakuna ajuaye uliandika nini. Lakini sanduku la mtaa wako linajulikana. Diwani akiona sanduku la mtaa wenye nyumba 300 limetoa kura 40, anajua pia ni mtaa gani hautamtoa jasho miaka mitano ijayo. Kitaifa, mwaka 2019 na 2024 ni takriban nusu tu ya waliojiandikisha waliojitokeza.

Hesabu inaweza kuchukua siku mbili, tatu au zaidi. Usidhani kuna mizengwe.

Kura inaharibika kwa namna gani?

Ukiandika 1 kwa watu wawili. Usipoweka chaguo la kwanza linaloeleweka. Ukiandika jina lako au kitu cha kukutambulisha. Karatasi ikikosa alama rasmi, kwa hiyo angalia karani ameigonga kabla hajakupa. Ukiruka namba, mfano 1, 2, 4, kura haifi: inafanya kazi hadi 2 na kuishia hapo.

Kadi ya kupigia kura haikufika. Nisiende?

Nenda. Kadi ni taarifa tu ya kituo chako na namba yako daftarini. Chukua kitambulisho, kwa mfano pasipoti au leseni ya udereva, kwa sababu msimamizi ana haki ya kukiomba. Usikubali kurudishwa kwa sababu ya kadi peke yake.

Uchaguzi umekwisha. Nikiwa na tatizo, nimwone diwani yupi?

Yeyote kati ya wote wa eneo lako, hata ambaye hukumpigia kura. Hajui, na haruhusiwi kujua. Mtu akikuambia “nenda kwa diwani wa upande wako,” hakuna upande: wote watano au saba wanawakilisha eneo lote.

Tumia wingi huo. Andika kwa mmoja kwanza, barua pepe fupi yenye anwani, tarehe, na picha ya lile shimo au ile taa iliyozimika. Wiki mbili zikipita kimya, mwandikie wa pili, na umtaje wa kwanza kwa heshima. Wanashindana wao kwa wao, na wanajua kwamba mwenzake akilitatua, 1 yako imehama. Ila usiwaandikie wote saba siku moja: kila mmoja atadhani mwenzake ameshalishughulikia, au wote watapeleka swali lile lile kwa ofisa yule yule akachoka nalo.

Diwani anaweza kunipatia nyumba ya baraza?

Hapana, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Ugawaji wa nyumba, kibali cha ujenzi cha mtu mmoja mmoja na ajira za watumishi viko mikononi mwa mtendaji mkuu wa baraza, ambaye hachaguliwi na wananchi. Diwani anaweza kuuliza faili lako limefika wapi, kusahihisha taarifa iliyokosewa na kukuelekeza. Hilo si dogo, lakini si nyumba.

Mamlaka ya madiwani yako kwenye maamuzi ya pamoja: kupitisha bajeti, kupitisha mpango wa maendeleo unaosema wapi pajengwe nini, kutunga sheria ndogo, kupandisha au kushusha kodi ya majengo ndani ya mipaka iliyowekwa, na kumchagua mwenyekiti wao kila mwaka. Limerick ndiyo ya kipekee: tangu Juni 2024 ina meya aliyechaguliwa moja kwa moja na wananchi, John Moran.

Hospitali, shule na polisi si kazi ya baraza. Maji nayo yalihamishiwa shirika la taifa mwaka 2014, kwa hiyo bomba likipasuka diwani atakupa namba ya simu na pole.

Kuna nguvu nyingine ambayo watu hawaioni. Madiwani, pamoja na wabunge na maseneta, huchagua maseneta 43 kati ya 60, na mabaraza manne yakikubaliana yanaweza kumteua mgombea urais. Ukiwa si raia, kura ya rais huna. Lakini kura yako ya diwani inagusa hadi huko.

Diwani akijiuzulu au akifariki, tunarudi kupiga kura?

Hapana. Hakuna uchaguzi mdogo wa madiwani. Baraza humteua mtu wa kujaza nafasi, na kama aliyeondoka alichaguliwa kwa tiketi ya chama, chama hicho ndicho kinacholeta jina. Hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu tangu 2004 mtu haruhusiwi kuwa mbunge na diwani kwa pamoja. Wapo waliochaguliwa madiwani Juni 2024 na Novemba hiyo hiyo wakaenda Dáil.

Kwangu hapa ndipo mfumo una doa. Mpiga kura alimpangia namba mtu mmoja, na miezi mitano baadaye anakaa mtu ambaye jina lake halikuwa kwenye karatasi. Upande wa pili, mlango huo umewahi kumwingiza Uruemu Adejinmi, mzaliwa wa Nigeria, aliyeteuliwa mwaka 2020 kujaza kiti huko Longford baada ya aliyekuwepo kwenda bungeni, na mwaka uliofuata akawa meya wa wilaya ya manispaa ya Longford.

Mimi mwenyewe naweza kugombea bila uraia?

Ndiyo, sharti ni lile lile la miaka 18 na kuishi nchini. Rotimi Adebari alifika Ireland mwaka 2000 kuomba hifadhi, akachaguliwa diwani wa mji wa Portlaoise mwaka 2004, na 2007 akawa meya wake, mtu mweusi wa kwanza kushika umeya nchini humo. Yemi Adenuga alichaguliwa huko Meath mwaka 2019. Halmashauri za miji kama ile ya Adebari zilifutwa mwaka 2014, kwa hiyo ngazi ya chini ya kuanzia haipo tena. Leo unaanzia moja kwa moja kwenye baraza la kaunti au la jiji.

Ukifikiria kugombea, anza na hesabu ya kota ya uchaguzi uliopita wa eneo lako. Matokeo ya kila raundi yamechapishwa. Angalia wa mwisho kushinda alianza na kura ngapi za kwanza na akaokota ngapi njiani. Hapo utajua kama unahitaji milango 500 au 2,000.

Mfumo huu ni mpya?

Ni mzee kuliko dola yenyewe. Mji wa Sligo uliutumia Januari 1919, Ireland ikiwa bado chini ya Uingereza, na mwaka uliofuata ukaenea kwa mabaraza yote. Serikali ilijaribu mara mbili kwa kura ya maoni, 1959 na 1968, kuuondoa kwenye uchaguzi wa wabunge. Wananchi walikataa mara zote mbili.

Uchaguzi ujao ni lini?

Katiba inataka madiwani wachaguliwe kila baada ya miaka mitano, kwa hiyo ni 2029. Daftari liko wazi sasa hivi.